Miguu Iliyosimama Kabla ya Mtoto

Akina mama hunijia na watoto wao. Wengine hunikuta kibarazani pale sokoni Otonglo ninaposhona sare za shule. Wengine hufika mpaka nyumbani, wakae kwanza, wazungumze habari za mvua na bei ya sukari, ndipo wafungue shuka na kunionyesha mguu. Mimi si daktari. Nimewaambia hivyo mara nyingi na hawasikii. Wanachotaka ni kusimuliwa habari za binti yangu Akoth tangu mwanzo, nami nimechoka kusimulia vipande vipande huku uzi ukinikatikia kwenye cherehani. Kwa hiyo nimeandika. Anayetafuta dawa asome kwingine, hapa hamna.

Akoth alizaliwa wakati wa mvua za masika, mwishoni mwa miaka ya themanini, na alikuja zaidi ya miezi miwili kabla ya siku zake. Nilikuwa nakata kitambaa cha kaptura nikahisi maji yakiniteremka miguuni. Mume wangu, Okello, alikuwa kazini kwenye mashamba ya miwa alikoendesha trekta, na nyumbani alirudi Jumamosi tu. Aliyenifikisha hospitali kubwa ya mjini ni mama yake, ambaye boma zima humwita Dani, yaani nyanya. Alinishika mkono njia nzima akiniambia nisisukume, kana kwamba jambo lenyewe lilikuwa hiari yangu.

Mtoto alikuwa mdogo hata niliogopa kumtazama. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na nyembamba, mishipa ikionekana, na kichwa chake kilienea katika kiganja cha nesi. Wakamlaza katika sanduku la kioo lenye joto. Mimi nikaonyeshwa benchi la mbao ukutani, nikae na wenzangu, tukamue maziwa kwenye vikombe ili watoto wapewe kwa mpira mwembamba uliopitia puani. Tulikamua asubuhi, mchana na jioni. Siku moja nilisema kwa sauti kwamba kilichobaki ni kufungwa kamba na kuletewa majani, wenzangu wakacheka mpaka tukakaripiwa. Karibu yangu alikaa mama mmoja wa Nyamasaria, mcheshi kuliko sisi sote, ambaye sanduku la mwanawe lilipakana na la Akoth. Asubuhi moja hakuwepo, wala mtoto hakuwepo. Kikombe chake kilibaki dirishani na hakuna kati yetu aliyekigusa.

Mvua zilipokwisha tulipewa ruhusa kurudi nyumbani. Akoth alikuwa amenenepa kidogo, lakini mwili wake ulikuwa laini mno. Ukimwinua, mikono ilining'inia kama nguo iliyolowa. Nesi aliniambia watoto wa kabla ya siku huwa hivyo, nisiwe na wasiwasi, atakaza.

Na kweli alikaza. Ilianza polepole, kipindi cha jua kali. Kwanza ngumi: alizikunja, kidole gumba kikiwa ndani, na ilinibidi kuzifungua kidole kimoja kimoja ili nimwoshe viganja. Kisha mapaja yakawa hayaachani. Kumbadilisha nepi ikawa kazi ya watu wawili. Nikimnyonyesha alitupa kichwa nyuma na kujinyoosha mwili mzima, maziwa yakamwagika kifuani kwangu, nami nikalia pamoja naye. Nilimwambia Dani.

"Hiyo ni nguvu," alisema. "Wewe Nyar Sakwa unaogopa kila kitu. Huyu mtoto alikuja mapema, sasa ananyoosha ile mifupa ilikunjwa."

Nyar Sakwa ni mimi, binti wa Sakwa, kwa sababu kwetu ni Sakwa, kule Bondo. Dani hakuwahi kuniita jina langu, na hilo si dharau. Ndivyo mke huitwa alikoolewa.

Kuna jambo la kwetu ambalo ni lazima nilieleze. Mtoto akifika umri wa kukaa, nyanya yake humchimbia kashimo karibu na ukuta wa nyumba, akalitandika vitambaa vikuukuu, mtoto akakalishwa humo. Udongo humshika kiuno, naye hutazama kuku na watu wakipita mpaka mgongo uzoee. Dani alikuwa amelea watoto wanane kwenye mashimo ya namna hiyo, Okello mmojawapo. Akoth alipofikisha umri, Dani akachukua jembe, akachimba.

Akoth hakukaa. Tulipomweka alijinyoosha, kichwa kikaenda nyuma, matako yakateleza, akabaki ameegemea ukingo wa shimo kama mti uliolazwa. Tukajaribu tena kesho yake na kesho kutwa, ikawa vilevile. Siku moja Dani, akiwa amechoka, alimshika makwapani amtoe, na nyayo zikagusa chini. Miguu ikasimama. Ilisimama imara, imenyooka, haitikisiki, mtoto mwenyewe akishangaa kama sisi.

Dani alipiga kigelegele hadi majirani wakaacha vyungu motoni. "Kujeni muone! Mtoto wa kioo amesimama!"

Kuanzia siku hiyo Dani alikuwa na maelezo yake: Akoth ameruka kukaa. Aliharakisha kuzaliwa, sasa anaharakisha kusimama, ni tabia yake. Basi akalichimba lile shimo likaenda chini zaidi, mpaka mtoto akaweza kusimama humo, udongo ukamfika kifuani. Asubuhi na jioni Akoth alisimamishwa. Watu walikuja kumwona. Jumapili baada ya kanisa walipita kwetu wakiwa bado na Biblia mikononi. Okello aliporudi na kumkuta bintiye amesimama shimoni, alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya uzazi, akaenda mjini akamnunulia viatu. Viatu havikuingia, kwa kuwa vidole vya mguu vilikunjamana na kisigino hakikushuka. Okello alisema mtoto ana mguu wa kukimbilia.

Nilifurahi pia. Nyumba yetu ilikuwa imekaa na hofu miezi mingi, na ghafla tukawa watu wanaotembelewa kwa jambo jema.

Kliniki ya chanjo ndiyo iliyotukatiza. Nesi alimwinua Akoth ili ampime uzito, akaona miguu imepishana kama mkasi, akaita mwenzake. Wakanong'ona. Wakaniandikia karatasi nimpeleke Alhamisi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Chumba cha kungojea kilikuwa na madirisha ya juu yaliyofanya joto lisitoke. Tulikaa tumebanana. Kulikuwa na mtoto mkubwa aliyebebwa kama kichanga, mate yakimtoka, mama yake akimfuta kwa upole bila hata kumtazama, kama mtu aliyezoea. Nilimhurumia mama yule. Nilijiambia kwamba mimi nimekuja kwa ukaguzi tu, maana wangu anasimama.

Mtaalamu aliitwa Bi Zuhura, mwenyeji wa mjini, Mwislamu, mtaratibu wa maneno. Alitandika mkeka, akatazama mtoto kwa muda kabla ya kumgusa.

"Anakaa?"

"Bado. Lakini anasimama."

"Nionyeshe."

Nikamsimamisha, na nakumbuka jinsi nilivyojivuna. Bi Zuhura hakutabasamu.

"Ukimwachia?"

"Ataanguka."

"Ataangukaje?"

Nilifikiri kidogo. "Wima wima. Kama ubao."

Akamchukua, akamlaza, akaanza kulikunja goti taratibu, akingoja, akilikunja tena. "Mama Akoth, huku si kusimama," akasema. "Miguu imesimama, mtoto hajasimama. Misuli inajikaza yenyewe, haimsikilizi. Alipozaliwa mapema kuna sehemu ya ubongo iliumia kidogo, na amri haifiki sawasawa. Kila mkimsimamisha mnaifundisha miguu ijikaze zaidi."

Nilisikia maneno lakini hayakuingia mara moja. Kilichoingia ni ile picha ya mama aliyekuwa akifuta mate, na kwamba hapakuwa na tofauti baina yangu na yeye.

"Atatembea?"

"Sijui."

Nilimchukia kwa neno lile. Nilitaka anidanganye. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba mtu aliyeweza kuniambia hajui ndiye niliyeweza kumwamini siku atakaponiambia anajua.

Akanifundisha. Nihesabu miezi yake kuanzia siku aliyopaswa kuzaliwa, nisimlinganishe na mtoto wa jirani. Nimbebe mgongoni, mapaja yake yakiwa wazi kiunoni kwangu na magoti yamekunjwa, kwa sababu mgongo wa mama ulimfaa kuliko kiti chochote cha hospitali. Mimi nilikuwa namfunga shuka miguu pamoja na kumpakata, nikiogopa kwamba mgongoni atavunjika. Na nisimsimamishe. Alilirudia hilo mlangoni: nisimsimamishe mpaka aniambie.

Sasa nieleze jinsi ya kurudi nyumbani kumwambia mama mkwe kwamba furaha yake ni ugonjwa. Nilizunguka na maneno tangu jioni, nikampikia, nikamtengea maji, ndipo nikasema. Dani aliendelea kula.

"Huyo wa hospitali amezaa?" aliniuliza mwishoni.

"Sijamuuliza, mama."

"Uliza. Mimi nimetembeza wanane. Sasa unataka huyu akae chini kama mzigo, ndiyo watu waseme nini?"

Jumamosi Okello alisema kama mama yake, kwa sauti kubwa kidogo. Na ndugu zake walikuwa na lao: kwamba tulivunja mwiko, tukajenga nyumba yetu kabla ya kaka yake mkubwa kujenga ya kwake, na mtoto ndiye anayelipa. Hakuna aliyeniambia usoni. Niliyasikia yakipita nyuma ya ua. Usiku mmoja nilimuuliza Okello kama na yeye anaamini, akasema amechoka, akageukia ukutani. Tuliishi hivyo majuma mengi, tukizungumza habari za chumvi na mafuta ya taa tu.

Mimi nilijikaza kisabuni. Asubuhi nilimnyoosha na kumkunja Akoth kama nilivyofundishwa, nikambeba mgongoni mpaka sokoni. Lakini zilikuwepo siku za kazi nyingi, mwanzo wa muhula, nilipomwacha na Dani. Siku moja nilisahau chaki ya kushonea, nikarudi katikati ya asubuhi. Nikamkuta Akoth shimoni, amesimama kwa vidole, macho yamemtoka kwa jitihada, na Dani mbele yake akimpigia makofi na kumwimbia.

Kwetu mke hamfokei mama mkwe. Niliinama nikamtoa mtoto. Nilichoweza kusema ni hiki: "Mama, Alhamisi twende wote. Umshike wewe mwenyewe."

Alikwenda shingo upande. Alivaa kitambaa chake cha kanisani, akakaa kwenye benchi bila kuegemea. Bi Zuhura alimkaribisha kwa heshima, akamwomba aketi mkekani, kisha akamchukua Akoth na kuanza kumlegeza. Ilikuwa kazi ndefu. Alikunja, akangoja, akatikisa nyonga polepole, akazungumza na mtoto, mpaka miguu ikaachia. Halafu akampandisha juu ya paja la Dani, mguu huku na mguu huku, uso kwa uso.

"Mshike kiunoni tu, mama. Sehemu nyingine mwachie."

Dani akamshika kiunoni. Akoth akaporomoka. Mgongo ulipinda, kichwa kikaanguka, paji la uso likagonga kifua cha nyanya yake likabaki pale. Alijaribu kukiinua, kikapanda kidogo, kikaanguka tena. Hakuwa na chochote ndani ya kukishikilia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuliona hilo, lakini Dani alikuwa akilihisi kwa mikono yake iliyopokea watoto wa kijiji kizima.

"Ile nguvu imeenda wapi?" akauliza.

"Haikuwepo, mama," Bi Zuhura akasema. "Ndiyo tunaianza leo."

Dani alimweka Akoth begani, akamfunika kichwa kwa kiganja. Nilidhani amekasirika. Kisha nikaona kitambaa cha kanisani kinatikisika.

"Nilikuwa naita watu," akasema. "Yawa, jamani, nilikuwa naita watu wakuje waone."

Bi Zuhura alikaa naye pale chini mpaka akanyamaza, na foleni yote nje ikangoja bila mtu kugonga mlango. Kisha akamuuliza kuhusu lile shimo. Nilishangaa, maana nilitegemea kusikia tulifukie. Alisema hospitali haina viti vya watoto kama hawa, na seremala wa kuvitengeneza hayupo, lakini shimo la kukalia lingefaa likichimbwa vingine: fupi, lenye pembe nyuma ya kushika mabega, na katikati libakizwe kichuguu cha kutenganisha mapaja. Dani alisikiliza kama mtu anayepewa kazi. Jioni ile alifukia shimo la kusimamia, akachimba jingine, akalisiriba kwa udongo na samadi mpaka likawa laini.

Baada ya hapo miezi ilipita ikifanana. Alhamisi hospitali, siku nyingine nyumbani. Mvua za vuli zilijaza shimo, tukahamia ndani, Dani akajenga pembe nyingine sebuleni kwa matofali na matambara. Nilishona mto wa sufi wa kumlaza kifudifudi ili ajifunze kuinua kichwa. Alilia kila alipolazwa. Mgongo wangu ulianza kuuma, kwa kuwa mtoto alikuwa akikua na bado alikuwa wa kubebwa, na zilikuwepo asubuhi ambazo sikuweza kuinuka bila kushika kitanda. Hapo ndipo Okello, bila kuambiwa na mtu, aliniomba shuka. Akajifunga Akoth mgongoni. Mwanaume mzima wa Kijaluo, amebeba mtoto mgongoni kama yaya! Mwanzo alitembea ndani ya ua tu, tena jioni. Baadaye akatoka mpaka barabarani. Dereva mmoja wa lori alimpigia honi akamwita mama Akoth, naye akampungia mkono. Siku ile nilimsamehe mengi.

Akoth alikaa peke yake katika mvua za masika za mwaka wake wa tatu. Hakukuwa na kigelegele. Dani alikuwa anapepeta njugu, akamtoa kwenye shimo amfute, akamweka juu ya gunia, akasahau kumshika. Alipokumbuka, mtoto alikuwa ameketi, mgongo umepinda, akiokota njugu na kuzila na maganda yake. Nikamuuliza Bi Zuhura tena kama atatembea. Akasema bado hajui, lakini safari hii alitabasamu kabla ya kusema.

Dani sasa alikuwa mkali kuliko hospitali. Mgeni akijaribu kumwinua Akoth amsimamishe, kama watu wanavyopenda kufanya, alipigwa kofi la mkononi. Mchungaji naye alilipata. Hata Bi Zuhura alipoanza kumsimamisha kidogo kidogo, nyayo zikiwa bapa na magoti yamelegea, Dani alitazama pembeni. Nyumbani hakukubali kabisa. "Hapo hospitali ni yeye," alisema. "Hapa ni mimi, na mimi naogopa." Na mimi sikumlazimisha, kwa kuwa niliogopa pia. Akoth akaendelea kutambaa kwa namna yake, akijivuta kwa mikono, mpaka wenzake wakaanza shule ya nasari akabaki anawachungulia kwenye ua.

Ulikuwa mwaka ule magugu yalipoanza kufunika ziwa, wavuvi wakilalamika kila mahali kwamba mitumbwi haipiti. Alasiri moja nilikuwa nashona chini ya paa, Dani amekaa kwenye mkeka, Akoth karibu yake. Watoto wa nasari walikuwa wakirudi, kelele zao zikasikika njiani. Akoth akajivuta hadi kwenye kigoda. Akaweka mikono juu yake, akainua tako, akaleta mguu mmoja chini yake, akangoja, akaleta wa pili. Akainuka.

"Kaa chini!" Dani alipiga kelele. "Akoth, kaa chini!"

"Sitaki."

"Nasema kaa!"

"Dani, sitaki. Naenda kuona watoto."

Akaachia kigoda. Magoti yalikuwa yamekunjika kidogo na kisigino cha kulia kilikuwa chini. Cha kushoto kiliinuka, na mpaka leo huinuka akichoka. Alipiga hatua akiyumba huku na huku, mikono juu, akafika katikati ya uwanja. Hapo akapoteza mwelekeo. Nilimwona anakwenda, nikaruka kutoka kwenye cherehani, na nilijua anavyoanguka: wima, uso mbele, meno kwenye udongo.

Lakini mikono ilishuka. Ngumi zile nilizokuwa nikizifungua kidole kimoja kimoja zilifunguka zenyewe, viganja vikatangulia, viwiko vikakunjika, na Akoth akapokelewa chini na mikono yake mwenyewe. Uso haukugusa vumbi. Nilikuwa tayari nimeshafika karibu naye nikahisi nimevutwa nyuma. Dani alikuwa amenishika gauni kwa mikono miwili.

"Mwache," akasema, na alikuwa analia. "Nyar Sakwa, mwache. Ameanguka mwenyewe, wacha asimame mwenyewe."

Akoth alitugeukia aone kama tunakuja. Hatukwenda. Akasubiri kidogo, akakunja uso kwa hasira, akaweka viganja chini, akainua tako, akaanza upya.